Soya Mbichi na Mguu wa Mama

Mimi nina mdomo. Nikijua kitu leo, kesho majirani wote wanakijua, na keshokutwa nimeshakitia chumvi. Mama aliniambia hivyo tangu niko darasa la tatu, na mpaka sasa, mtu mzima mwenye kazi yangu ya maabara hapa Ifakara, bado ananiambia. Haya ninayoyaandika yalitokea kwa sababu ya mdomo huo, na yangeweza kuisha vibaya kabisa.

Kazi yetu ni ya mbegu, ila si za kupanda. Tunachukua soya, kunde, mbaazi, hata kokwa za ukwaju, tunazisaga zikiwa mbichi, tunauloweka unga kwenye maji ya chumvi, tunaukamua, kisha tunayatia maji yake kwenye mashine inayozungusha kwa kasi mpaka makapi yakae chini. Katika maji yanayobaki juu kuna protini ambazo mmea umejiwekea kwa ajili ya adui zake. Mdudu akila mbegu, vimeng'enya vya tumboni mwake, vile vinavyokatakata chakula ili kimfae mwilini, vinanaswa na protini hizo na kushindwa kazi. Anakula, anashiba, na hapati kitu. Hata mtu akila soya mbichi mambo ni yale yale, ndiyo maana tunapika. Moto unaziharibu protini zile na sisi tunapata chakula chetu.

Kila wiki naliona jambo hili kwa macho yangu. Tunagandisha maziwa ya unga kwenye visahani, yanakuwa meupe na mazito, halafu tunatoboa vitundu na kudondosha kimeng'enya. Ukirudi kesho yake, kuzunguka kila kitundu maziwa yameliwa, limebaki duara linalopitisha mwanga. Lakini ukikichanganya kimeng'enya na maji yetu ya soya, kisahani kinabaki cheupe kama ulivyokiacha. Mara ya kwanza kuona hivyo niliwaita watu wa ofisi ya jirani waje watazame. Walikuja, wakakitazama kisahani cheupe, wakaniuliza kuna nini.

Kilichopo ni hiki. Mwili wa binadamu nao unavyo vimeng'enya vya jamii hiyo. Kwenye kidonda vinafanya usafi, vinakata nyama iliyokufa ili mpya iote. Kwenye kidonda kisichotaka kupona huwa vimezidi, vinakata hata ile nyama changa inayojaribu kuota. Kwa hiyo watafiti wanajiuliza kama kitu cha kwenye mbegu kinaweza kuvituliza kidogo, kidonda kipate nafasi. Wengine wanazijaribu protini hizo hizo kwa ajili ya uvimbe wa ndani, na hata saratani. Mengi bado yako kwenye vyombo vya maabara, na mengi yanaishia hapo hapo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mdomo wangu ulikuwa unaisahau.

Sasa mama. Mama anakaa Mkula, kando ya barabara ya kwenda Kidatu. Aliletwa bondeni na ndoa, kutoka Mahenge, na baba alipofariki alibaki na mpunga wake na kuku wake. Ana kisukari. Mwaka jana wakati wa mavuno bua la mpunga lilimchoma unyayoni, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, na kwa kuwa miguu yake imeanza kufa ganzi, hakusikia. Aligundua jioni alipovua ndala akakuta damu. Tangu siku hiyo kidonda kilikuwa kinafunga kidogo, kinafunguka, kinafunga, kinafunguka.

Ni mtu wa tahadhari kupita kiasi. Tulipokuwa wadogo, tukirudi na uyoga kutoka porini, hatukuula siku hiyo. Kwanza alipika kiasi kidogo akampa kuku, kisha tukasubiri mpaka asubuhi tuone kama kuku ameamka salama. Nyumba nzima inanukia uyoga na sisi tunakula mchicha. Niliichukia tabia ile, na nilipopata kazi ya maabara nilikuwa nikiwasimulia wenzangu wacheke.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Tulikaa uani, shangazi zangu wapo, mama jirani yupo, nimeshika kikombe cha togwa, watu wananisikiliza. Nikawaeleza habari za visahani vya maziwa. Nikaona haitoshi. Nikamgeukia mama nikasema, "Yaani mama, dawa ya mguu wako imo ndani ya soya mbichi. Tunatafuta tu namna ya kuitoa." Hilo neno "tu" nalikumbuka mpaka leo. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Masika yalipoanza kidonda kikawa kibaya. Kila baada ya wiki mbili mama alikuwa anakuja Ifakara Jumanne, analala kwangu, na Jumatano nampeleka kliniki ya vidonda. Katikati ya hapo zahanati ya kule kwao ndiyo ilikuwa inamfunga bandeji. Jumatano moja daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akavua miwani yake. "Mama, tukionana tena baada ya wiki mbili, kama hakijaanza kufunga, itabidi tuzungumze habari ya kukata kidole," alisema. "Na sitakuficha, tukichelewa haitakuwa kidole peke yake." Mama akajibu, "Sawa daktari." Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumzia mvua.

Wiki mbili zikaisha. Jumanne nikapika, nikatandika kitanda, mama hakuja. Simu yake haipatikani. Nikajipa moyo kwamba barabara ni mbaya, atakuja moja kwa moja Jumatano asubuhi. Jumatano nilisimama getini hospitali mpaka nesi wa kliniki akatoka kuniuliza kama mgonjwa wangu anakuja au haji. Hakuja. Nilimpigia mama jirani.

Baada ya shikamoo na marahaba na habari za huku, akasema mama yupo, simu tu iliingia maji.

"Ila mwanangu, sijui nikwambie. Kila asubuhi anasaga soya. Mbichi, hivyo hivyo. Nilimuuliza za nini, akasema ndiyo ile dawa ya binti yangu, na nisimwambie mtu mpaka aone majibu."

Nilijua watu wanavyofanya. Wanaukoroga unga na maji, wanaubandika kwenye kidonda, wanafunga na kitambaa cha kanga. Unga wa kinu, na vumbi lake, na vidudu vyake, ndani ya kidonda cha mtu wa sukari. Au labda anaunywa kama uji, anatapika na kuhara, na sukari yake inayumba nani anajua wapi. Na hospitali ameacha. Mama yangu, ambaye hali uyoga bila shahidi, ameacha hospitali kwa sababu mwanawe alitaka kuonekana amesoma mbele ya mashangazi. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa, na niliona aibu pamoja na hofu, na sikujua ipi inauma zaidi.

Alhamisi alfajiri nilipitia kazini nikafanya jambo ambalo hata leo likinijia nainamisha kichwa. Nilifungua friji nikatoa kichupa kimoja cha maji ya soya, yale tuliyokwisha kuyachuja na kuyasafisha, nikakitia kwenye chupa yangu ya chai pamoja na barafu. Nilijiambia kwamba kama ameshaanza kupaka, basi heri apake kilicho safi. Hizo ndizo akili za mtu mwenye hofu, zinajipanga vizuri kabisa na zote ni za kijinga. Baadaye mimi mwenyewe nilimweleza mkuu wangu wa kazi, na alinifokea vya kutosha.

Nilipanda gari la kwanza la kwenda Kidatu. Barabara ilikuwa na matope, tukashuka mara mbili kusukuma, na mara zote mbili niliikumbatia ile chupa ya chai kama mtoto mchanga. Mama mmoja niliyekaa naye akaniuliza kama naweza kumpa chai kidogo. Nikamwambia imeharibika.

Mama nilimkuta amekaa barazani kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juu ya kigoda kingine. Bandeji nyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja siku ya kazi? Umefukuzwa?"

Nilipiga magoti nikaushika mguu, nikauinua, nikainusa bandeji.

"Wewe mtoto, unanusa nini?"

"Nani amekufunga?"

"Nesi wa zahanati. Jana." Akachomoa kadi kwenye mfuko wa gauni akanipa. Kila siku ya kufungwa ilikuwa na sahihi. Hakuna iliyorukwa hata moja.

"Soya iko wapi?"

Hapo akajua. Alitazama upande wa nyumba ya mama jirani, akatikisa kichwa. "Ipo kwenye kinu."

"Unapaka?"

"Nipake soya kwenye kidonda? Nimekuwa kichaa?"

"Basi unakunywa."

"Hebu nyanyuka kwanza," akasema. "Nishike mkono, twende huku."

Alinipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na matenga mawili yamefunikwa juu, na ndani yake vifaranga. Alikaa juu ya kigogo akanieleza polepole, kama mtu anayekabidhi shamba. Vifaranga kumi na mmoja, wametotolewa siku moja, mama yao mmoja. Wa tenga la kushoto wanapewa pumba na soya mbichi. Wa tenga la kulia wanapewa pumba ile ile na soya ile ile, ila iliyochemshwa. Maji wanakunywa ya ndoo moja. Hii ni wiki ya nne.

Nilifunua tenga la kulia. Vifaranga walikuwa wameota mabawa, wanagombana, mmoja akanidonoa kidole. Nikafunua la kushoto. Walikuwa wadogo, manyoya machache, miguu myembamba, utadhani wana siku kumi. Nao walikuwa wanakula. Hawakuinua hata vichwa kunitazama, walikuwa wanakula tu.

"Kwa nini umewagawa?" nilimuuliza, ingawa nilishaelewa.

"Sasa ningejuaje kama ni soya au ni ubaya wa mbegu ya kuku?"

Nilikaa pale pale kwenye matope nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, mpaka mama jirani akachungulia ukutani, mpaka mama mwenyewe akaanza kucheka bila kujua nacheka nini. Tangu jana nilikuwa nimekaza meno bila kujijua, na sasa taya zilikuwa zinauma. Mama yangu hakupaka kitu. Hakunywa kitu. Aliisikia dawa ya binti yake, akasema haya, tuone, akawapa kuku.

"Usicheke tu, nieleze," alisema. "Dawa gani hii, kiumbe anakula kutwa na hakui?"

Nikamweleza, na safari hii nilijitahidi nisitie chumvi. Nikamwambia tumboni mwa kifaranga kuna kitu kinachofanya kazi kama mkasi, kinakatakata chakula. Soya mbichi inaweka kijiti katikati ya mkasi, haufungi. Chakula kinaingia na kutoka. Ukiichemsha, kijiti kinaharibika, mkasi unakata. Nikamwambia kwenye kidonda chake pengine kuna mikasi mingi kupita kiasi, ndiyo maana tunakitafuta kijiti.

Alitazama bandeji yake. "Kwa hiyo ulisema kweli."

"Nilisema nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Kwamba bado, mama. Kukitoa, kukisafisha, kujua kipimo, kujua hakidhuru. Na baada ya yote hayo huenda kisifanye kazi kwenye mguu wa mtu."

"Nusu hiyo ndiyo ungeanza nayo," akasema.

Nikakubali. Halafu nikamuuliza lile lililobaki. Kama zahanati hakuacha, na soya hakugusa, mbona Jumatano hakuja? Gari zilikuwepo, na simu ya jirani ilikuwepo.

Mama hakunitazama. Alikuwa anawatazama vifaranga wa kushoto.

"Niliogopa," alisema. "Nesi wa huku ananiambia kinaendelea vizuri, lakini yeye hawezi kusema habari ya kukata. Yule daktari wako ndiye anayesema. Nikaona nikiipitisha Jumatano hii, nitakaa na vidole vyangu wiki mbili zaidi."

Sijawahi kumsikia akisema neno hilo juu yake mwenyewe. Alimzika baba, alilima peke yake mwaka wa mafuriko, alitusomesha, na hakusema niliogopa. Nilimshika mkono nikamwambia na mimi nimeogopa, tangu jana, nimeogopa vibaya. Akasema, "Naona. Umekaa kwenye matope na sketi ya kazini." Kisha akaniagiza nichukue ile soya ya kuchemsha niwawekee vifaranga wote, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu kesi imekwisha na hakuna haja ya kuendelea kuwatesa viumbe wa Mungu. Akabadili gauni, akajifunga kanga, tukaenda barabarani kusubiri gari.

Tulifika hospitali mchana. Nesi wa kliniki alitugombeza, na alikuwa na haki, lakini alitupokea. Mama alipanda kitandani, akafumba macho kabla bandeji haijaguswa. Mimi sikufumba. Nilisimama miguuni pake nikiutazama mkono wa nesi unavyozungusha, tabaka baada ya tabaka, na nilikuwa nasali, mimi ambaye misa ya Jumapili huwa nachelewa.

Daktari aliinama. Akabonyeza pembeni, akanusa, akachukua kile kirula chake cha karatasi akapima, akafungua faili akatazama kipimo cha zamani, akapima tena. Kule kupima mara ya pili kuliniua.

"Mama," akasema. "Kinafunga."

Mama alifumbua jicho moja.

"Tazama pembeni hapa, nyama mpya. Kimepungua karibu nusu. Mfupa haujaguswa. Kidole hakikatwi." Akaweka kirula chini. "Umekifanya nini?"

"Nilifanya mlichoniambia," mama akajibu. "Nilitembelea kisigino, sikuloweka, nilibadilisha bandeji, dawa za sukari nilikunywa."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, na pua. Mama akaniambia, "Kalie nje, unamtisha daktari." Nikatoka, nikaegemea ukuta wa korido, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, kidole kimebaki. Bibi mmoja akasema, "Ashukuriwe Mungu," akasogea kwenye benchi ili nikae.

Mama alitoka na bandeji mpya na karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili. Akaja akakaa pembeni yangu, akashusha pumzi ndefu. Tulikaa hivyo. Ilikuwa raha. Nje mvua ilikuwa imekatika, watu wanaruka madimbwi, na mimi nilikuwa nawaza nitapika nini.

"Angalau ulibeba chai," mama akasema.

Kabla sijanyanyua mkono alishaitoa ile chupa kwenye mkoba wangu. Yeye ndiye aliyeninunulia, nyekundu, ina maua, siku nilipopata kazi. Akafungua, akamimina kwenye kifuniko chake. Yakatoka maji baridi, na ndani ya maji kikadondoka kichupa kidogo chenye karatasi iliyoandikwa soya.

Alikitazama. Akakishika kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo wangu unajua kutia chumvi, lakini siku ile uliniletea kweli tupu. Nikamwambia yote, friji, barafu, yule mama wa kwenye gari, mawazo yangu yote mazuri ya alfajiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenipaka?"

"Ningekupaka, mama."

Alikigeuza kichupa, maji yakaenda huku, yakarudi huku.

"Bila kuwapa kuku kwanza?"

Akanirudishia kichupa, akavaa ndala zake zote mbili, akatangulia kwenda kutafuta chai.